ANAKWENDA WAPI PEKE YAKE?

Ndugu msikilizaji, hivi karibuni nilikuwa Lushoto. Sikwenda kikazi, sikwenda msibani, wala sikwenda kwa wakwe. Nilikwenda kutembea kwa miguu milimani, peke yangu. Najua umeshakunja uso. Usijali, nimezoea.

Nilipofika nyumba ya wageni, kijana wa mapokezi alifungua daftari. Jina, kazi, unatoka wapi. Kisha akainua kalamu: "Mama, unafuatana na nani?" Nikamjibu kwamba nafuatana na kibegi changu. Hakucheka. Akanitahadharisha, kwa adabu kabisa, kwamba wageni wa kiume hawaruhusiwi chumbani usiku. Bwana aliyenitangulia kwenye foleni, naye akiwa peke yake, hakuonywa lolote. Alipewa ufunguo na kuulizwa chai aletewe saa ngapi.

Umeelewa, msikilizaji. Mwanamke akisafiri bila sababu, watu humtafutia sababu.

Kesho yake nikashika njia ya Irente. Huko kuna jabali ambalo ukisimama ukingoni unaiona Mazinde chini kabisa, na nyika inayokwenda mpaka macho yanachoka. Njiani nilikutana na mama mmoja mtu mzima, mzigo wa kuni kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea?"

"Sijapotea, mama. Natembea tu."

"Peke yako? Baba watoto yuko wapi?"

"Yuko nyumbani, anapika."

Alicheka mpaka kuni zikatikisika. Nami nikamuuliza: "Mbona wewe mama uko peke yako?"

Akanishangaa. "Mimi? Mimi natoka kuni."

Nikamuuliza kama huwa anakwenda pale jabalini kuangalia. Akasema hupita karibu karibu kila siku tangu aolewe, lakini kukaa akatazama, hajawahi. Atakaaje, na kuni zinangojewa?

Jibu hilo nimerudi nalo mjini. Mama yule alikuwa msituni peke yake tangu alfajiri, kwenye mteremko mkali kuliko wangu, na hakuna aliyemuuliza anafuatana na nani. Siku ile nilipishana na wanawake wengi waliokuwa peke yao, huyu na kabichi, yule na ndoo ya maji. Hofu yetu juu ya mwanamke na njia huanza pale tu tunapomwona hana mzigo kichwani.

Utaniambia: bibie, njia zina hatari. Ni kweli, na sitakudanganya. Wakati wa kurudi kijana mmoja alinifuata karibu nusu saa. Nikisimama, anasimama. Nilipona kwa kujiunga na watoto waliokuwa wakitoka shule, na usiku ule sikulala vizuri. Lakini nilipowasimulia jamaa zangu, wote waliniuliza kwa nini nilikwenda. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini yule kijana alinifuata.

Kama shida yetu ni usalama, tufanye kama wanavyofanya Kilimanjaro. Kule kila mpandaji, mume kwa mke, lazima awe na kiongozi mwenye leseni, kwa sababu mlima wa mita 5,895 haubagui. Kanuni ya namna hiyo naikubali. Nisiyoikubali ni ile inayomhusu mwenye kanga peke yake.

Tena nani amesema nyumbani ndiko kwenye usalama siku zote? Huko Marekani alikuwako bibi mmoja, Emma Gatewood, mama wa watoto 11. Kwa miaka mingi mumewe alikuwa akimpiga, na alipozidiwa alikuwa akikimbilia msituni kupata utulivu. Mwaka 1955, akiwa na miaka 67 na ameshaachana na mume huyo, aliwaambia watoto wake kwamba anakwenda kutembea kidogo. Akavaa raba za kitambaa, akabeba mfuko aliojishonea mwenyewe, akatembea peke yake njia ya milima ya Appalachia kutoka Georgia mpaka Maine, zaidi ya kilomita 3,200. Ajuza huyo alijua vizuri hatari ilikuwa wapi, na haikuwa porini.

Sisemi kila mwanamke aanze safari kesho. Atakayekwenda aage, aseme njia atakayopita na saa ya kurudi, kama ambavyo mwanamume naye angepaswa kufanya. Wewe utakayemkuta njiani, msalimie, mwonyeshe njia panda, mwache apite. Ukiona kijana anamfuata, mwite huyo kijana umuulize yeye anakwenda wapi.

Na wale ambao kuni zinawangoja majumbani, siku moja moja nendeni wenyewe mkazichanje. Mama yule wa Irente naye apate nafasi ya kukaa jabalini akaitazama Mazinde.

Kwa leo naishia hapo. Tukutane wiki ijayo.