Mnunuzi Aliyegeuzwa Mtuhumiwa



Mwishoni mwa Oktoba 2005, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, Mark Russinovich, alikuwa akijaribu programu aliyoshiriki kuitengeneza ya kufichua vitu vinavyojificha ndani ya Windows. Programu ikamwonyesha faili asizozijua katika kompyuta yake mwenyewe. Alipofuatilia asili yake, akafika kwenye albamu ya ndugu wawili wa Van Zant, diski aliyoinunua kihalali, iliyotolewa na Sony BMG.

Ukiitia diski ile kwenye kompyuta, ulioneshwa mkataba. Ukiukubali, pamoja na chombo cha kuchezea muziki iliingia programu iitwayo XCP, ya kukuzuia usinakili diski zaidi ya mara tatu. Kuzuia kunakili ni jambo la kujadiliana. Kujificha ni jambo jingine kabisa. XCP ilizama hadi kwenye kiini cha mfumo, na tangu hapo faili yoyote ambayo jina lake lilianza na $sys$ haikuonekana tena, si kwa mwenye kompyuta, si kwa programu nyingi za kusaka virusi. Siku chache baada ya habari kutoka, watengenezaji wa virusi nao walikuwa wakizipa faili zao jina la namna hiyo. Russinovich alipojaribu kuiondoa kwa mkono, kompyuta yake ikaacha kuitambua sehemu ya kusomea diski.

Naomba tulitazame jambo hili kwa makini. Aliyepakua nyimbo zilezile bure mtandaoni hakuguswa na XCP. Aliyekwenda dukani akatoa fedha yake ndiye aliyeingiliwa. Mimi naamini msanii ana haki ya kulipwa kwa jasho lake, na kwa sababu hiyohiyo kitendo hiki kinaniudhi: kilimwadhibu yule aliyelipa.

Hofu iliyozifikisha kampuni za muziki kwenye programu kama XCP ilianza na Napster mwaka 1999, watu walipoanza kuitumia kubadilishana nyimbo kompyuta kwa kompyuta. Mahakama iliizima mwaka 2001, lakini wasikilizaji hawakurudi dukani. Septemba 2003 chama cha kampuni za kurekodi, RIAA, kikaanza kuwashtaki wasikilizaji wenyewe, 261 kwa mkupuo mmoja. Miongoni mwao alikuwemo msichana wa miaka 12 wa New York, na mama yake akalipa dola 2,000 yaishe. Wengi walifanya hivyo, kwa kuwa sheria ya Marekani inaruhusu fidia kuanzia dola 750 hadi 150,000 kwa wimbo mmoja. Nani angethubutu kusimama kizimbani? Mwanamke mmoja wa Minnesota alithubutu, na kwa nyimbo 24 akaishia kudaiwa dola 222,000.

Miezi michache kabla ya kesi hizo za Septemba, Aprili 2003, Apple ilikuwa imefungua duka lake la iTunes, wimbo kwa senti 99. Wiki ya kwanza ziliuzwa nyimbo milioni moja. Watu walikuwa tayari kulipa. Waliyemkosa ni mtu wa kuwauzia wimbo mmoja wanaoutaka, kwa bei inayolipika.

Sony BMG iliziondoa sokoni albamu 52 zenye XCP, ikashtakiwa, ikalipa. Kwangu mimi hapo si mwisho wa shauri. Watafiti wawili wa Princeton, J. Alex Halderman na Edward Felten, walikuwa wamegundua kasoro hiyo ya XCP takriban mwezi mmoja kabla ya Russinovich kuitangaza, lakini walikuwa bado wakishauriana na mawakili, kwa sababu sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inakataza kuvunja kufuli za kidijitali. Wakati huo wote watu waliendelea kununua diski zile na kuzitia kwenye kompyuta zao. Mwaka 2006 serikali ikatoa ruhusa maalumu ya kuchunguza kufuli za diski zinazohatarisha usalama wa kompyuta. Ruhusa za aina hiyo hudumu miaka mitatu, kisha mtafiti hulazimika kuomba upya, ilhali kufuli ya kampuni hailazimiki kumwomba yeyote.