Kinyozi wa Mtaa na Amana Aliyopewa

(Mazungumzo yaliyotolewa na mwanachama mwenzetu wa Tanga baada ya chakula cha mchana, siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Katika mikutano iliyopita tumewasikia madaktari, wahandisi na mabwana shamba, na kila mmoja ametuachia jambo la kufikiri. Safari hii Kamati imemtaka kinyozi aseme. Nimekubali kwa moyo mkunjufu, maana kila mwanamume aliyemo humu ana kinyozi wake, lakini sidhani kama wengi wamepata kumwuliza analiendeshaje duka lake.

Duka langu liko Ngamiani, katika zile barabara zetu zinazohesabiwa kwa namba. Lina viti viwili, vioo viwili, benchi moja, redio na kalenda. Ni duka la kinyozi wa mtaa, nalo ni tofauti na saluni kubwa ya mjini. Saluni ya mjini yaweza kuishi kwa wapita njia. Kinyozi wa mtaa huishi kwa vichwa vile vile. Nywele za mtu hukua kiasi cha sentimeta 1 hivi kwa mwezi, kwa hiyo mtu anayependa kuwa nadhifu hurudi kila baada ya wiki mbili au tatu. Huja yeye, kisha humleta mwanawe, na Mungu akijalia umri, mwana naye humleta mjukuu. Ukimpoteza mmoja umepoteza nyumba nzima.

Kazi hii, kwa maoni yangu, husimama juu ya mambo matatu: mkono, usafi na ulimi. Nitayaeleza moja moja.

La kwanza ni mkono. Mashine ya umeme ya kunyolea si kitu cha jana. Leo Wahl, wa mji wa Sterling katika jimbo la Illinois, Marekani, alianza kuitengeneza yake mwaka 1919. Kwetu mitaani ilichelewa kuenea, na miaka yetu ya shule wengi tulinyolewa chini ya mwembe kwa mkasi, kitana na mashine ya mkono, ile inayong'ata ukikosa bahati. Leo kijana hujifunza mashine ya umeme kwa majuma machache, na akijua kupunguza pembeni na kuchonga ndevu hujiona amehitimu. Ndipo umeme unapokatika. Katika mgao wa mwaka 2006, na tena ule wa mwaka 2011, maduka mengi ya vinyozi yalikaa mlango wazi, kinyozi amejiinamia. Waliokuwa na jenereta walikula faida yao yote kwa petroli. Waliojua mkasi na kitana waliendelea kupata riziki. Kwa sababu hiyo, kila kijana anayeingia dukani kwangu huanza na mkasi, hata kama ananuna.

Mkono pia ni kujua nywele zetu zilivyo. Nywele zilizojikunja, hasa za kidevuni, zikikatwa chini sana hujipinda na kurudi ndani ya ngozi, zikaleta vile vipele vinavyowasumbua wengi wenu. Wateja hudhani ni wembe mchafu. Mara nyingine ni kweli, lakini mara nyingi ni kunyolewa mno. Dawa yake ni kuacha kuvuta ngozi, kufuata malalo ya nywele na kubakiza kidogo. Mteja atasema hujamnyoa vizuri. Mvumilie, wiki ijayo shingo yake itakutetea.

La pili ni usafi, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa ukimwi nchini waligunduliwa mkoani Kagera. Kabla ya hapo, wembe mmoja kunyoa vichwa kadhaa lilikuwa jambo la kawaida, na mtu aliyekatwa kidogo alipakwa spiriti, mambo yakaisha. Ukimwi ulitufundisha kuogopa wembe. Lakini kuna ugonjwa mwingine ambao hautajwi sana, nao ni homa ya ini aina ya B. Virusi vyake vyaweza kukaa hai juu ya kitu kikavu kwa siku 7 na zaidi, hata pale ambapo jicho halioni tone la damu. Wembe uliomnyoa mtu Jumatatu waweza kumwambukiza mwingine Ijumaa.

Kwa hiyo dukani kwangu sheria ni hizi. Wembe ni mpya kwa kila kichwa, na hufunguliwa mbele ya macho ya mteja mwenyewe. Ukishatumika huingia katika kopo lenye mfuniko, si katika ndoo ya taka ambamo mtoto wa jirani hutafuta vitu vya kuchezea. Vitana na mikasi huoshwa kwa sabuni, kisha hulowekwa kwa dakika 10 katika Jik: sehemu 1 ya Jik ya asilimia 3.5 kwa sehemu 6 za maji, na maji hayo hubadilishwa kila siku. Baadaye huoshwa tena na kukaushwa, maana Jik hula chuma. Mashine haiwezi kulowekwa. Hiyo hupigwa brashi kuondoa nywele, ikafutwa kwa spiriti ya asilimia 70, ikaachwa ikauke, ikatiwa mafuta. Taulo ni moja kwa mtu mmoja.

Ziko siku ambapo usafi humgharimu kinyozi. Jirani yangu mmoja alimleta mwanawe kunyolewa siku moja kabla ya sikukuu. Mtoto alikuwa na mapunye kichwa kizima. Nilimwambia baba kwa upole kwamba sitamnyoa, maana mapunye huambukiza kwa mashine na kitana, na kwamba hayaondoki kwa dawa ya kupaka peke yake. Mtoto anahitaji vidonge, kwa hiyo ampeleke zahanati. Benchi lilikuwa limejaa watu. Yule bwana aliona nimemwaibisha mbele za watu, akamshika mtoto mkono, akavuka barabara, na akanyolewa huko. Tangu siku ile hajakanyaga dukani kwangu. Lakini wiki kadhaa baadaye mama wa yule mtoto alipita na dawa mkononi, akaniuliza namna ya kuzichemsha taulo na mito ya nyumbani. Mtoto alipopona, ndiye aliyekuja naye. Nilipoteza kichwa kimoja kikubwa, nikapata kidogo.

Sasa mtauliza: ikiwa mambo ndiyo haya, kwa nini wengine hawabadili wembe? Jibu liko katika hesabu, na hapa namkumbuka mwalimu wetu wa hisabati. Tuchukulie duka lenye viti 2, kila kiti vichwa 10 kwa siku, kila kichwa shilingi 2,000. Hizo ni shilingi 40,000 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni 1,040,000. Nusu ni ya vijana wanaonyoa, ndiyo desturi ya maduka mengi. Zinabaki 520,000. Toa kodi ya fremu 150,000, umeme 60,000, nyembe na dawa 80,000, leseni, taka na mengineyo 40,000, akiba ya kununua mashine mpya 50,000. Mwenye duka anabaki na shilingi 140,000 kwa mwezi mzima.

Basi vichwa vikipungua viwili tu kwa kila kiti, kutoka 10 hadi 8, fanyeni hesabu ile ile, na hata mkipunguza gharama ya nyembe kadiri ya vichwa, mtaona anabaki na shilingi 52,000. Mwenye nyumba akiongeza kodi kwa shilingi 50,000, mwezi umekwisha. Wakati huo ndipo shetani humnong'oneza mtu kwamba wembe mmoja waweza kutosha watu wawili. Akimsikiliza, ataokoa kiasi kisichozidi shilingi 32,000. Hiyo ndiyo bei ambayo afya za mtaa mzima huuzwa, na wanunuzi wenyewe hawana habari. Simtetei anayefanya hivyo. Nasema tu kwamba hatari ile huanzia katika kodi ya fremu kabla ya kufika kwenye wembe.

La tatu ni ulimi. Mtu akikaa kitini, akavishwa shuka na kuinamisha kichwa, husema asiyoyasema kwingine. Nimesikia habari za ndoa, za madeni na za mirathi. Miaka ya 1990, viwanda vingi vya Tanga vilipofungwa, wapo waliokuja kunyolewa asubuhi kana kwamba wanakwenda kazini, na nyumbani walikuwa hawajasema kwamba kazi haipo. Kinyozi hapaswi kuyatoa nje mambo hayo. Hiyo ni amana. Benchini watu wabishane watakavyo, Coastal Union na African Sports, Simba na Yanga, na wazee wa Coastal wasiache kutukumbusha ubingwa wa mwaka 1988. Lakini linalosemwa kitini hubaki kitini.

Hata hivyo, kunyamaza si kutojali. Kinyozi huona utosi na kisogo, mahali ambapo mwenyewe hapaoni. Huona kidonda kisichopona, na kwa ndugu zetu wenye ualbino hilo si la kungoja hata wiki moja, maana laweza kuwa saratani ya ngozi. Mwambie faraghani, kwa sauti ya chini, kisha mwulize tena akirudi. Mwaka 2018 jarida la udaktari la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanywa Los Angeles katika maduka 52 ya vinyozi, kwa wateja 319 weusi wenye shinikizo la damu. Pale ambapo mfamasia alikutana na mteja hapo hapo dukani na kumpa dawa, ile namba ya juu ya shinikizo ilishuka kwa wastani wa 27 katika miezi sita. Pale ambapo kinyozi alitoa ushauri tu na kuwahimiza wamwone daktari, ilishuka kwa 9 hivi. Funzo ninaloliona ni kwamba wanaume wanaoikwepa hospitali hawamkwepi kinyozi. Madaktari mliomo humu, njooni na vipimo vyenu Jumamosi moja, benchi lipo.

Ndugu Mwenyekiti, nimalizie kwa maombi mawili.

Ombi la kwanza ni kwa wenye nyumba, nao humu si haba. Mpeni kinyozi wenu mkataba wa maandishi, walau wa miaka miwili. Wengi hulipishwa miezi sita mbele kwa maneno ya mdomo, na fremu ikishachangamka hutakiwa kuhama. Kinyozi akihamishwa, wateja wake hutawanyika, na huanza upya na madeni.

Ombi la pili ni juu ya vijana. Kila mwaka wapo wanaomaliza kidato cha nne wasipate nafasi ya kuendelea, na wazazi huona afadhali mtoto akae bure kuliko kushika mkasi. Vijana kadhaa wamepitia mikononi mwangu, na mmoja wao sasa ana duka lake Chumbageni. Alianza kwa kufagia nywele. Nilipompa mkasi sikumwuliza alipata daraja gani. Nilimtazama kama ananawa mikono bila kukumbushwa. Msiwaonee haya watoto hawa. Wahenga walisema ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji. Nami naongeza, hakikisheni anayewanyoa amefunzwa.