Gari Dogo la Mbio Lililozeeka: Je, Linafaa Bei Inayoitishwa?

(Haya ni maneno tuliyoyatoa mbele ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyaandika ili yasomwe pia katika vikundi ambavyo havikuweza kufika.)



Leo hatutazungumza juu ya mbuzi wa maziwa wala matangi ya maji. Tumeombwa tuzungumze juu ya gari, tena si lile la kubebea kabichi kwenda sokoni. Katika kutembelea vikundi, swali hili linazidi kutujia. Kijana mwanachama mwenye akiba nzuri anaomba mkopo anunue Golf GTI ya zamani. Akina mama wanasema huo ni mchezo wa watoto. Kijana anajibu kwamba wazazi hawaelewi, maana gari kama hilo huko Ulaya bei yake inapanda kila mwaka. Mkutano unagawanyika, na kumbe pesa zinazobishaniwa ni za wote. Mkopo ukitolewa vibaya, wadhamini ndio watakaolipa. Ukikataliwa kwa dharau, kijana atachukua akiba yake aende zake. Basi hebu tuache kubishana, tupige hesabu.

Magari haya ni yapi?

Ni gari dogo la familia, lenye mlango wa nyuma unaofunguka juu, ambalo limewekewa injini kali. Volkswagen walionyesha Golf GTI ya kwanza huko Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1975, wakaanza kuiuza 1976. Ilikuwa na injini ya lita 1.6 yenye nguvu za farasi 110, na kwa vile gari lenyewe lilikuwa jepesi, lilikimbia kuliko magari mengi ya bei kubwa. Kiwanda kilipanga kutengeneza 5,000 tu. Za aina hiyo ya kwanza ziliishia kupita 450,000. Mwaka 1984 Wafaransa nao walileta Peugeot 205 GTI.

Wazee waliokuwa wakisimama kando ya barabara kutazama Safari Rally wanaikumbuka Lancia Delta Integrale. Ilishinda hapa kwetu mwaka 1988, na tena 1989 na 1991. Hilo nalo ni gari la ukoo huo huo. Kwa hiyo tusimcheke kijana anayelipenda. Hata sisi tulilishangilia.

Kwa nini bei imepanda huko Ulaya?

Kijana anaposema bei zimepanda, hasemi uongo. Lakini tuulize, ni bei ya gari gani, na imepanda kwa nini?

Kwanza, yamebaki machache. Mengi yaliliwa na kutu, mengine yaligongwa na vijana waliokuwa na haraka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Uingereza yaliibwa na kupata ajali kwa wingi hata kampuni za bima zikapandisha ada, na wengi wakashindwa kuyaweka. Pili, waliokuwa vijana wakati ule wakiyatamani bila pesa, leo ni watu wazima wenye pesa. Wananunua ujana wao.

Tatu, wananunua jina. Mwaka 2022 huko Uingereza, Ford Escort RS Turbo nyeusi aliyokuwa akiiendesha Diana miaka ya 1980 iliuzwa kwenye mnada kwa pauni 650,000. Je, pesa zote hizo zilinunua injini? Hapana. Zilinunua historia ya aliyeshika usukani.

Na tena, hata huko Ulaya si kila gari linapata bei ya juu. Mnunuzi anatafuta lile ambalo halijachezewa: rangi ya kiwandani, viti vyake vya asili, vitabu vyote vya matengenezo. Lililobadilishwa eksozi na kuongezewa hiki na kile, bei yake inashuka.

Na hapa kwetu?

Hapa mambo ni tofauti. Kenya hairuhusu kuingiza gari kuukuu lililozidi miaka 8. Kwa hiyo Golf GTI ya mwaka 2006 inayouzwa leo mjini iliingia zamani, na imeshapita mikononi mwa watu kadhaa, juu ya matuta na mashimo yetu. Huko Ulaya gari la mwaka huo bado ni la kawaida, si la mnada. Basi bei ya Ulaya ya gari la 1976 haiwezi kuwa kipimo cha gari la 2006 lililoko Thika au Kisumu.

Halafu tuangalie chuma chenyewe. GTI ya mwaka 2006 ina injini ya lita 2 yenye turbo, nguvu za farasi 200. Ni injini nzuri ikitunzwa. Lakini ina kifaa kidogo cha chuma kinachosukuma pampu ya petroli ya presha kubwa. Kikilika mpaka kutoboka, pampu inaharibika na kamshafti pia. Aina iliyofuata, ya kuanzia 2009, ina mnyororo wa taimingi. Kikazio chake kikishindwa, mnyororo unaruka na valvu zinagonga pistoni. Hapo injini imekwisha. Nyingi zina giaboksi ya klachi mbili inayojibadilisha, ambayo oili yake maalum na filta hubadilishwa kila kilomita 60,000. Mwenyewe wa kwanza alifanya hivyo, labda. Je, wa tatu? Wa nne?

Lingine ni bima. Sheria inadai bima ya mtu wa tatu, lakini hiyo haikutengenezei gari lako mwenyewe. Na gari likizeeka, kampuni nyingine hukataa kulipa bima kamili. Likigongwa, gari limeenda na mkopo umebaki.

Tupige hesabu

Tuchukue mfano. Hizi si bei za soko, ni tarakimu za kujifunzia tu. Kikundi kiweke zake.

Muuzaji anaitisha shilingi 800,000. Golf ya kawaida ya mwaka huo huo na hali hiyo hiyo inauzwa 550,000. Tofauti ya 250,000 ndiyo bei ya mbio na zile herufi tatu za GTI.

Fundi anayejua magari hayo analikagua. Anasema giaboksi, mnyororo, breki na tairi zinahitaji 220,000. Sasa gari si la 800,000 tena, ni la 1,020,000.

Mkopo wa 800,000 kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi, isiyopungua, kwa miezi 24, unaleta riba ya 192,000. Jumla ni 1,212,000. Baada ya miaka hiyo miwili, tuseme analiuza kwa 500,000. Amepoteza 712,000, yaani karibu shilingi 30,000 kila mwezi, kabla hajanunua petroli hata lita moja.

Je, ana kipato cha kuvumilia hivyo? Kama anacho, na ni furaha yake, hiyo ni haki yake. Kama hana, shilingi hizo zitatoka kwa wadhamini wake.

Kwa hesabu hiyo hiyo tunapata bei ya haki. Bei ya juu ni ya gari lisilo na kasoro. Kwa hiyo toa matengenezo: 800,000 ukiondoa 220,000 inabaki 580,000. Hapo ndipo mazungumzo yaanzie. Muuzaji akikataa, muage kwa heshima mwende zenu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Lini linafaa?

Sisi hatusemi halifai kamwe. Linafaa ikiwa mambo haya yote yapo. Halijachezewa, wala kompyuta ya injini haijabadilishwa ili iongeze nguvu. Lina karatasi za matengenezo zinazolingana na kilomita kwenye mita, maana mita hurudishwa nyuma. Fundi mjuzi na spea viko karibu. Mwenyewe ana akiba ya matengenezo pembeni, na hategemei gari hilo kumpeleka kazini kila asubuhi. Na zaidi ya yote, ananunua kwa pesa yake.

Likikosa hata jambo moja kati ya hayo, bei inayoitishwa ni kubwa mno, hata kama kila mtu mjini analisifu.

Kikundi kifanye nini?

Kwanza, msikilizeni kijana mpaka amalize. Muulizeni gari litaleta nini nyumbani. Kama ni la kazi, gari la kawaida la mwaka huo huo litafanya kazi hiyo hiyo, na ile tofauti ya bei itabaki mfukoni mwake.

Pili, asitoe hata shilingi ya kwanza kabla fundi aliyechaguliwa na kikundi, si na muuzaji wala broka, hajalikagua likiwa na injini baridi. Injini ya turbo iliyopashwa moto kabla hujafika inaweza kuficha ugonjwa.

Tatu, hakikisheni umiliki kwa taarifa rasmi ya NTSA kupitia eCitizen. Nakala ya logibuku haitoshi.

Nne, mkikopesha, kopesheni sehemu tu ya bei ya gari la kawaida, si ya jina. Katika mfano wetu msipite 550,000. Kinachozidi kijana alete mwenyewe. Jina la kikundi liandikwe pamoja na lake kwenye logibuku mpaka amalize kulipa.

Hivyo akina mama watakuwa wamelinda akiba, na kijana hatakuwa amefukuzwa. Anayemtamani mwanawe awe mkulima asisahau kwamba kijana anayejua injini vile ni mali ya kikundi. Huenda siku moja mkopo wake bora utakuwa wa kufungua gereji.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Mkopo wa mwisho mlioutoa kununulia kitu kikuukuu, nani alikikagua?
2. Katika bei ya kitu hicho, sehemu gani ilikuwa ya kazi na sehemu gani ya sifa?
3. Kijana wenu akileta ombi kama hili wiki ijayo, mtamwuliza maswali gani matatu kabla ya kupiga kura?