Nani Anaona Nini Kwenye Skrini

Kituo cha utafiti wa tabia cha Busara, hapa Nairobi, kilijijengea jina kwa kuwaalika wakazi wa mitaa kama Kibera, pamoja na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wafanye maamuzi mbele ya skrini za kugusa. Maabarani, mtafiti ndiye aliyeamua kila mshiriki aone nini. Jaribio likihamia kwenye mkutano wa video, uwezo huo unamponyoka: mwenye kompyuta Kilimani anaona nyuso za kundi zima, mwenye simu Kawangware anaona chache tu, na mwingine anajitazama mwenyewe muda wote. Hilo la kujitazama si dogo. Mwaka 2021 Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford alilitaja miongoni mwa sababu nne za uchovu wa mikutano hii. Majibu yakitofautiana, tutajuaje kilichowatofautisha ni swali wala si kifaa? Ndiyo maana nashikilia kwamba mtafiti apewe programu ya kumpangia kila mshiriki mwonekano wake.

Wapo watakaosema huko ni kuwahadaa watu, na hofu yao ina uzito, hasa kwa mitaa iliyochoka kuhojiwa. Lakini hadaa iko katika kuficha. Mshiriki aambiwe mapema kwamba skrini yake imepangwa, kisha aelezwe wenzake waliona nini. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa haki ya kujua taarifa zake zinatumikaje, na uso wake ni mojawapo. Na kwa kuwa mshiriki anatumia kifaa chake mwenyewe, bando la intaneti nalo lilipwe na mtafiti.