Tuwakumbuke kwa Majina Yao

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama)



Habari za hazina na misaada Bwana Mwenyekiti amekwisha kuzieleza, nami sitazirudia. Niliombwa niseme juu ya mikutano yetu ya ukumbusho: kwa nini twaifanya, na yafaa iwe ya namna gani katika miaka ijayo.

Desturi yetu mwaijua. Jumapili ya pili ya mwezi wa Novemba twakusanyika. Wazee huvaa medali zao, tarumbeta hulia, twanyamaza dakika mbili, na shada la maua huwekwa. Kisha twanywa chai pamoja na kuulizana habari za wagonjwa na waliofiwa. Desturi hii yatokana na kukoma kwa Vita Kuu ya Kwanza huko Ulaya, tarehe 11 Novemba 1918. Lakini sisi wa Afrika ya Mashariki tusisahau kwamba siku ile risasi zilikuwa hazijanyamaza kwetu. Jenerali wa Kijerumani, von Lettow-Vorbeck, alisalimu amri huko Abercorn, mji uitwao sasa Mbala katika nchi ya Zambia, tarehe 25 Novemba 1918.

Hapa kwetu Taita na Taveta vita ile haikuwa hadithi ya mbali. Wajerumani waliishika Taveta tangu Agosti 1914 hata Machi 1916. Reli itokayo Voi ilijengwa kwa ajili ya vita hiyo. Vilima vya Salaita, Latema na Reata, ambavyo watoto wetu huvitazama kila siku waendapo shuleni, vilimwagiwa damu ya Waafrika, Wahindi na Wazungu. Na makaburi ya askari yako Taveta, yametunzwa vizuri.

Ndugu zangu, nataka mwitazame pamoja nami tarehe moja, 12 Februari. Siku hiyo, mwaka 1916, majeshi ya Waingereza yalishambulia kilima cha Salaita yakarudishwa nyuma kwa hasara kubwa. Siku hiyo hiyo, mwaka 1944, meli iitwayo Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na manowari ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldives. Ilizama kwa muda wa dakika mbili tu. Watu wapatao 1,300 walikufa, na wengi wao walikuwa askari wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika ya Mashariki.

Wale waliozama hawana kaburi ila bahari. Hata hivyo, ukienda Nairobi, kwenye makaburi ya vita katika barabara ya Ngong, utayakuta majina yao yamechorwa katika Ukumbusho wa Afrika ya Mashariki. Mjukuu aweza kwenda, akaweka kidole chake juu ya jina la babu yake, akasema, "Huyu ni wetu."

Sasa tuwafikirie wapagazi wa vita ya kwanza, wale walioitwa Kariakoo. Hawakuzama baharini. Walikufa juu ya ardhi hii hii, na katika nchi ya jirani zetu. Walibeba unga, risasi na majeruhi mahali ambapo gari halikupita na ng'ombe waliuawa na mbung'o. Tangu mwaka 1917 walichukuliwa kwa wingi na kwa nguvu katika kila wilaya. Waliokufa kwa risasi walikuwa wachache. Walio wengi walikufa kwa kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na chakula kibaya. Wanahistoria wakadiria kwamba waliokufa kutoka nchi yetu peke yake ni zaidi ya 40,000. Kila mmoja alivishwa kibati chenye namba. Alipokufa, namba ilifutwa katika kitabu, na mara nyingi mshahara wake haukufika kwa mjane wake.

Sanamu ya askari na mpagazi iliyosimamishwa Nairobi baada ya vita ni ya heshima, na maandishi yake ni ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Lakini haina jina la mtu hata mmoja. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ikakiri kwamba watu 116,000 au zaidi, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakuandikwa majina, au pengine hawakukumbukwa kwa namna yoyote. Tume iliomba radhi. Basi hili si lalamiko la wazee wa kijijini tu. Ni jambo lililokiriwa na wenyewe.

Wako watakaosema kwamba miaka imepita mno, majina hayapatikani tena. Nawajibu kwa mfano wa Cape Town. Mwezi wa Januari 2025 ulifunguliwa huko ukumbusho wa watumishi weusi wa Afrika ya Kusini waliokufa katika vita ile ile. Ni nguzo za mti wa mvule, kila mtu na nguzo yake na jina lake, zaidi ya 1,700. Majina yale yalikuwako katika vitabu vya serikali kwa miaka zaidi ya mia moja, yakingoja mtu wa kuyatafuta.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Ikiwa ni hivyo kwa mali, si zaidi kwa watu?

Kwa hiyo naomba mkutano huu ufikirie mambo matatu. Kwanza, chama kiwe na Daftari la Majina. Kila nyumba ilete jina la babu aliyekwenda Kariakoo au Keya, jina la baba yake, kijiji chake, na lolote linalokumbukwa juu yake. Pili, majina hayo yasomwe kwa sauti katika mkutano wa Novemba, kabla ya kunyamaza, na yasomwe na watoto wa shule, ili wajue kwamba waliokufa walikuwa watu wa kwao. Tatu, anayeandika jina la marehemu aulize pia habari za walio hai: kama yuko mjane asiyejua haki yake ya pensheni, au askari mstaafu asiyeweza kujaza karatasi zake, chama kimsaidie mwezi ule ule, kisingoje mkutano mwingine.

Hili la tatu msilione dogo. Shada la maua hunyauka kwa siku tatu, na mjane ala kila siku. Tukimheshimu aliyekufa na kumwacha mkewe na njaa, heshima yetu ni ya maneno matupu.

Wazee waliopigana Burma na Uhabeshi wamebaki wachache mno, na kila mwaka twawazika wengine. Kila azikwaye huenda na majina ya wenzake ambayo hakuna mwingine ayajuaye. Basi yule mwenye mzee nyumbani asingoje Novemba. Aketi naye jioni ya leo, na kalamu mkononi.