Kuwafunza Vijana Kuamua

Waheshimiwa wazee na wanachama wenzetu wa Bondeni,

Twaikumbuka Januari ya 2008, baadhi ya vijana wa Nakuru walipoitwa kupigana wakaenda. Twawalaumu, lakini sisi ndio tuliowazoeza kuamriwa tu, na aliyewaita akawakuta tayari kutii.

Sheria humpa kijana haki ya kura atimizapo miaka 18. Busara haiji pamoja na kitambulisho, huanzia nyumbani. Tumpe fedha za matumizi ya nyumba kwa juma moja, azipange mwenyewe. Akikosea tusimkemee, bali tumwulize: Ulijua nini? Ulishauriana na nani? Ni nani atakayeumia? Aliyezoea maswali hayo atamwuliza pia yule amwitaye usiku.

Samaki mkunje angali mbichi. Tuanze juma hili.