Kitabu kinachotembea kati ya shule zetu

Maneno ya walimu wa shule za msingi za Rumangabo mbele ya familia zilizohamishwa na vita, kamati za wazazi na wakuu wa vijiji



Tunashukuru kwa nafasi hii ya kusema. Sisi ni walimu wa madarasa ya chini kutoka shule za Rumangabo na shule jirani za barabara hii ya Rutshuru. Tumeombwa tueleze namna tunavyogawana vitabu vya kusoma na mbinu za kufundisha. Labda wengine wanajiuliza: mambo ya walimu na chaki yanahusu nini mkutano wa amani? Tutajaribu kujibu swali hilo. Mwishoni tutakuwa na maombi manne kwenu.

Tulipoanzia

Ninyi wote mnaifahamu barabara hii. Katika 2008, 2012, 2013 na tena 2022, vita vilipita hapa. Kila mara shule zilifungwa na watoto walitawanyika. Mwaka 2022 wengi wetu tulishuka kwa miguu kupitia Rugari na Kibumba mpaka Kanyaruchinya, karibu na Goma. Tulibeba watoto, sufuria na blanketi. Vitabu ni vizito, na havipikwi, kwa hiyo vilibaki. Tuliporudi, vingine vilikuwa vimeoza kwa mvua na vingine vilikuwa vimetumiwa kuwasha moto. Hatumshitaki mtu kwa jambo hilo. Mwenye baridi huwasha anachokiona mbele yake.

Mwenzetu mmoja alikuwa na kitabu cha kusoma cha mwaka wa pili katika mfuko wake, kwa sababu siku ile ya kukimbia alikuwa anatayarisha somo. Kitabu hicho kimoja ndicho kilikuwa maktaba yetu yote kambini. Chini ya shitingi tulikutana na walimu wa Rugari na Kibumba, watu ambao mbele ya hapo tulikuwa tunasalimiana nao siku ya mtihani tu. Wao walikuwa na chaki, sisi tulikuwa na kitabu. Asubuhi kundi moja la watoto lilisoma, saa tano lingine, alasiri la tatu. Jioni walimu tulikaa pamoja na kunakili kurasa kwa mkono. Hapo tulijifunza kwamba kitabu kimoja kinatosha kwa watoto wa shule tatu, ikiwa walimu wa shule hizo wanaaminiana.

Mwanzoni mwa 2025 kambi za pembezoni mwa Goma zilivunjwa, na familia nyingi zikapanda tena barabara hii. Tulipofika nyumbani tukaanza kugombana. Kitabu kile ni cha nani? Na zile nakala za mkono? Kila shule ilitaka kubaki na vyake. Shule moja ilikuwa imepokea katoni ya vitabu vipya kutoka kwa wafadhili, nayo ikaifungia kabatini ili visichafuke. Kweli vilibaki safi kabisa, lakini hakuna mtoto hata mmoja aliyevisoma. Tulipoona hivyo tulikumbuka shitingi ya Kanyaruchinya, tukakubaliana kuunda sanduku moja la shule zote tatu.

Namna sanduku linavyotembea

Kazi yenyewe ni rahisi. Vitabu vyote, vya kuchapwa na vya mkono, viko katika sanduku la bati. Sanduku linakaa wiki mbili katika shule moja, kisha linapelekwa kwa chukudu katika shule inayofuata. Kuna daftari lenye safu nne: jina la kitabu, mwalimu aliyekichukua, siku aliyokichukua, na hali ya kitabu kilipotoka. Jumamosi ya kubadilishana, walimu wa shule zote tatu wanakaa pamoja saa mbili. Tunashona vitabu vilivyoachia, tunabandika kurasa zilizochanika kwa gundi ya unga wa muhogo, na kila mwalimu anaeleza jambo moja lililofaulu darasani kwake na jambo moja lililomshinda.

Hapo mwanzo tulikosea. Tuliweka sheria kwamba mwalimu akipoteza kitabu analipa faini. Matokeo yake ni kwamba walimu waliogopa, wakasoma peke yao mbele ya darasa na kuwakataza watoto kugusa. Tulikuwa tumerudi kwenye kabati lililofungwa. Sasa kitabu kikipotea tunazungumza juu yake Jumamosi, na kundi zima linaandika nakala nyingine. Vitabu vinapotea bado, lakini ni vichache, na watoto wanavishika kwa mikono yao.

Mbinu tulizopokea kutoka kwa wenzetu

Tutataja chache, kwa sababu kati yenu wamo walimu ambao bado wanafundisha chini ya miti.

Ya kwanza ni gunia. Gunia jeupe la mchele au la unga, likipasuliwa na kufuliwa, linakuwa ukurasa mkubwa. Tunaandika hadithi kwa herufi kubwa, na watoto 80 wanaisoma pamoja kutoka mbali. Gunia halichaniki kama karatasi, mvua haliogopi sana, na siku ya kukimbia linakunjwa na kuingia chini ya nguo.

Ya pili ni vifuniko vya chupa. Ndani ya kila kifuniko tunaandika herufi moja au silabi moja, na watoto wanavipanga chini kuunda maneno. Kiswahili kinatusaidia hapa, maana vokali zake ni tano tu na kila moja ina sauti yake ileile siku zote. Mtoto anayejua ma, me, mi, mo, mu anaweza kusoma «mama» na «mimi» siku hiyohiyo. Kifaransa kinaandika sauti moja ya «o» kwa herufi tatu, kama katika neno «eau», na mtoto anayeanzia hapo anachoka upesi. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inaruhusu kufundisha kwa lugha za taifa na lugha za mazingira ya mtoto. Wazazi wanaoogopa kwamba watoto wao watakosa Kifaransa, tunawaambia: anayesoma vizuri lugha anayoisikia ana ngazi ya kupandia nyingine.

Ya tatu ni kusoma wawili wawili. Mtoto wa mwaka wa sita anakaa na wa mwaka wa kwanza robo saa, mara mbili kwa wiki. Tangu masomo ya msingi yafanywe bure katika shule za serikali mwaka 2019, madarasa yamejaa, na mwalimu hawezi kumsikiliza kila mtoto. Lakini mkubwa mmoja anaweza kumsikiliza mdogo mmoja.

Ya nne ni kuandika maneno mawili. Baadhi ya vitabu tunavyotumia vinatoka kwa African Storybook, kazi iliyoanzishwa na shirika la Saide la Afrika Kusini. Hadithi zake ziko kwenye intaneti, na ni ruhusa kuzichapa, kuzitafsiri na kuzibadilisha bila malipo. Anayeshuka Goma anachapisha chache. Nyingi zimeandikwa kwa Kiswahili cha Kenya na Tanzania. Watoto walikwama kwenye «mchicha» na «kisamvu». Mwalimu mmoja akaandika pembeni «lengalenga» na «sombe», na darasa lote likacheka kwa furaha, kwa kuwa walikuwa wamekula vyote viwili jana yake. Sasa tunafanya hivyo katika kila kitabu. Mtoto anajifunza neno la jirani bila kuacha la mama yake.

Siku ya hadithi ya fisi

Sasa tufike kwenye amani. Watoto wetu nyumbani wanasema Kinyabwisha, Kinande, Kihunde na lugha nyingine, na wote wanakutana katika Kiswahili. Tuliwaomba walete hadithi za babu na bibi zao, ili tuziandike kwenye magunia na kuzitia katika sanduku.

Siku moja mtoto alileta hadithi ya fisi mlafi. Katika hadithi hiyo fisi alipewa jina la kabila la jirani. Darasa lilicheka. Mtoto mmoja, aliyekuwa amefika wiki ile pamoja na familia yake, hakucheka. Aliinamisha kichwa, na kesho yake hakuja shuleni.

Jumamosi tulibishana sana. Mmoja wetu alisema: ni hadithi ya wazee, tusiiguse. Mwingine alisema: tuitupe, na tusiombe tena hadithi za nyumbani. Kisha akasema mwalimu wa kabila lile lililotajwa, naye ni mkimbizi wa vita kama wengi wetu. Alisema: «Kwetu pia inasimuliwa. Lakini kwetu fisi ana jina lenu.» Tulinyamaza wote. Hakuna aliyekuwa na jibu.

Tuliamua mambo mawili. Fisi abaki fisi, bila kabila. Na hadithi yoyote, kabla ya kuingia katika sanduku, isomwe na walimu wa makabila mawili au zaidi. Wawili wetu walikwenda kwa familia ya mtoto yule kuomba radhi. Mama yake alitusikiliza hadi mwisho, hakusema mengi. Jumatatu mtoto alirudi. Baadaye alileta hadithi yake mwenyewe, na iko katika sanduku.

Ndugu zetu, hii ndiyo sababu tunasema mbele ya mkutano huu. Mtoto anajifunza kudharau kwa maneno madogo, mbele ya vita kufika. Kama walimu wa shule tatu wasingekuwa wanakaa pamoja, gunia lile lingebaki ukutani mwaka mzima, na sisi tungedhani tunafundisha kusoma tu.

Hatuko peke yetu katika kazi ya namna hii. Katika kambi ya Kakuma, Kenya, ambako pia wanaishi ndugu zetu wa Kongo, walimu wakimbizi walipata mafunzo kuanzia 2016 pamoja na Chuo cha Ualimu cha Columbia University cha Marekani. Baada ya mafunzo waliendelea kuulizana na kushauriana kwa ujumbe wa simu: mbona darasa langu halitulii, mtoto huyu aliyeona mauaji nimfanyie nini? Wengi wao hawakuwa walimu kabla ya kukimbia. Walisaidiana kuwa walimu.

Maombi yetu manne

Kwa familia zilizohamishwa: leteni watoto hata kama bulletin imepotea njiani. Sisi tutampa mtoto ukurasa mmoja asome, na kwa huo tutajua darasa linalomfaa. Tafadhali msimfiche nyumbani kwa aibu kwamba amekuwa mkubwa kuliko wenzake.

Kwa wakuu wa shule na kamati za wazazi: mwalimu aliyekimbia vita na kufika kijijini kwenu, mkaribisheni katika mkutano wa Jumamosi. Walimu wengi bado hawamo kwenye orodha ya mishahara ya serikali, na tunaelewa hofu kwamba mgeni atachukua nafasi ya mwenyeji. Haombi cheo. Anakuja na mbinu zake, na pengine na kitabu mfukoni.

Kwa wakuu wa vijiji na wote wenye mamlaka: shule isiwe kambi ya wenye silaha. Tamko la Shule Salama lilitolewa Oslo, Norway, mwaka 2015, na nchi yetu ililiunga mkono mwaka 2016. Mwenye kuomba jambo hilo haegemei upande wowote. Tena, chagueni katika kila kijiji familia moja itakayojua mahali sanduku linapofichwa siku mbaya ikija.

Kwa wamama na wababa: jioni mwombeni mtoto awasomee ukurasa mmoja. Hata msiojua kusoma mnaweza kusikiliza na kuuliza, «Kisha ikawaje?» Na mtupe hadithi zenu. Tutaziandika kwa heshima.

Hatusemi kwamba vitabu vitazuia risasi. Tumekimbia mara nyingi mno kuamini hivyo. Tunasema tu kwamba walimu wanaogawana kitabu kimoja wanalazimika kuonana kila wiki mbili, na wanaoonana hawaamini haraka kila uvumi unaosemwa juu ya wenzao. Kidole kimoja hakivunji chawa. Sanduku liko pale mlangoni. Baada ya mkutano njoni mlifungue, mshike vitabu, na mwalimu anayetaka shule yake iwe ya nne aandike jina lake katika daftari.